Naomba ushauri: fizikia ya tiba au epidemiolojia?

Habari zenu wakuu. Nina shahada ya fizikia, nipo Arusha. Nataka kutafiti athari za mionzi kwa afya, hasa kule Minjingu, mkoani Manyara, ambako mwamba wa fosfeti una urani (madini yenye mionzi) nyingi kuliko udongo wa kawaida. Nimeushika unga wake, laini kama sembe, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nimewaandikia walimu wawili. Mmoja kasema fizikia ya tiba (matumizi ya mionzi na vipimo hospitalini), mwingine epidemiolojia (utafiti wa magonjwa katika jamii). Kupima mionzi naweza. Takwimu za magonjwa sizijui kabisa. Nami namkumbuka Dkt. Alice Stewart wa Uingereza: miaka ya 1950 aligundua, kwa kuwahoji akina mama, kwamba eksirei wakati wa ujauzito huongeza hatari ya saratani kwa mtoto.

Mliopita njia hii, nianze na ipi? Na je, Tume ya Nguvu za Atomiki hupokea wanaojitolea maabara?