Mashua ya futi 21 inaingiza maji, kalafati imerudiwa na bado. Naombeni ushauri

MwanaKivinje
Wakuu habari za muda huu. Nina mashua ya mbao iko Kilwa Kivinje, inavua kwa nyavu ya nguru na mishipi. Tatizo inaingiza maji si kawaida, zamani walikuwa wanafua maji kwa ndoo mara moja moja tu safari nzima, sasa hivi kuna kijana kazi yake ni ndoo na wenzake wanagoma kumpa fungu kamili kwa sababu hashiki nyavu. Tumekalafati upya, yaani kuziba maungio ya mbao, pamba mpya, sifa (mafuta ya papa), deheni (mafuta na chokaa), ikakaa vizuri siku chache ikaanza tena. Ninachotaka kujua ni resini na mati za faiba za kuvalisha chombo cha ukubwa huo zinaweza kwenda kiasi gani, na kwa Dar nizitafute wapi, maana nimeambiwa ndiyo dawa ya kudumu. Usiku silali, wao wako baharini mi nasikilizia simu tu.

KarabaiMbili
Pole mkuu. Je, chombo kilikaa juu muda mrefu? Mbao ikipigwa jua inasinyaa, hata ukalafati vipi maji yatapita. Kishushe majini, kifungwe nanga karibu, mbao zinywe maji zivimbe ndiyo useme kinavuja au hakivuji. Huku Ukerewe sisi wa dagaa mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika, kuna mwaka tulipandisha mtumbwi ukakaa juani siku hizo zote, giza liliporudi tukauingiza ziwani usiku uleule na taa zote ndani, bwana wee, tulirudi tunaogelea nusu ya njia, betri za sola zote maji na tajiri anatusubiri mwaloni. Tangu hapo mtumbwi ukipanda juu naufunika makuti.

JodariWaFerry
Uza ununue bajaji. Ikivuja unasogea chini ya mti.

BiMkubwaVyombo
Mwanangu bei ya faiba acha kwanza. Maji yanaingilia wapi? Omo (mbele), ubavuni au shetri (nyuma)? Mwambie nahodha chombo kikipwelewa atoe mbao za ngamani, kule chini kabisa ndani, apakaushe kwa kitambaa, kisha amimine maji NDANI mkae nje muangalie yanatokea wapi. Anayekwambia kinavuja bila kukuonyesha mahali huyo hajakitazama.

MwanaKivinje
Shikamoo bi mkubwa. Wanasema ni nyuma, pale ubao wa shetri unapokutana na mkuku (ule uti wa chini wa chombo), na mbao mbili za chini kushoto.

FundiMataruma
Unatumia injini gani?

MwanaKivinje
Ya kawaida tu mkuu ya kupachika, haina shida, inawaka vizuri. Mi shida yangu ni maji.

FundiMataruma
Sijauliza kama inawaka. Kawaida ni nguvu za farasi ngapi? 9.9? 15?

MwanaKivinje
40. Ila naomba tusiende huko, injini ilinunuliwa kwa sababu za msingi. Ilikuwepo 15 ikachoka, wenzetu wanatuacha, wa kwanza kufika ndiyo anauza bei nzuri, anayefika wa mwisho anapangiwa bei. Halafu mwezi wa saba walitoka kwenda Mafia upepo wa kaskazi ukawapiga usoni njia nzima, nahodha akasema kwa 15 wasingefika. Na resini nimeshaitolea advansi laki saba, fundi anaanza wiki ijayo.

FundiMataruma
Basi umeshajijibu. Chombo cha futi 21 cha kuendea tanga, ubao wa nyuma ulipigwa kubeba msukani na baadaye injini ndogo. 15 ina kama kilo 40, 40 inafika kilo 70 na zaidi, lakini uzito si hoja kubwa, hoja ni nguvu. Kila mkifungua mafuta injini inasukuma ubao kuelekea mbele kwa chini na kuuvuta nyuma kwa juu, misumari inacheza kwenye matundu yake, maungio yanafunguka na pamba inatemwa. Ndiyo maana kalafati inakaa siku chache tu. Unaweza kukalafati mpaka uzeeke.

Na mwendo hujaongeza. Chombo cha tumbo kubwa cha urefu huo kikifika mwendo wa noti sita hivi (kama kilomita 11 kwa saa) kinagoma, ukizidisha mafuta shetri inazama, omo linainuka na unavuta rundo la maji nyuma. 40 ya mchanganyiko (petroli na oili pamoja) ukiifungua mpaka mwisho inakula lita 18 mpaka 20 kwa saa, 15 lita 7 au 8. Piga hesabu ya mafuta ya msimu mmoja uone hiyo bei ya soko imeishia wapi.

Faiba sasa. Mbao yako imenyweshwa sifa miaka yote, resini haishiki kwenye mafuta. Utavalisha, itang'aa kwa picha, mbao zikianza kucheza kwa ndani faiba inapasuka kwenye maungio, maji yanaingia katikati na hayana pa kutokea, na kuoza kunaanza usipopaona. Nimeshabandua moja ya hivyo Bagamoyo, ilitoka vipande vizima kama ganda la yai na mbao ndani unaichimba kwa kidole.

UstaadhPangani
Ndugu zangu mnaongea injini na mbao, roho za watu je? Kijana anafua maji usiku kucha na wao wako mbali na nchi. Wamevaa maboya ya kujiokolea? Hapa Pangani nina ndugu alitoka na chombo kinachovuja akisema nitakitengeneza nikirudi, tulimzika bila mwili. Kakae na hao wavuvi, uwaombe radhi, na kama hela ya 40 ni ya mkopo wa riba hapo ndipo baraka ilipokatika.

MwanaKivinje
Ustaadh nimekuelewa, maboya yapo mawili. Fundi, mbona boti za mkopo wa serikali zote ni faiba? Hata pale Kilwa Masoko bandari ya uvuvi iliyowekewa jiwe la msingi 2023 ni ya boti za kisasa. Mi nataka nami niende na wakati.

FundiMataruma
Zile zimemiminwa kwenye kalibu, ni faiba tupu tangu mwanzo. Yako ni mbao iliyovalishwa kanzu.

SinaHaraka
Samahani wakuu, hivi mmesoma vizuri? Mwezi wa saba KASKAZI? Mwezi wa saba kuna kusi, upepo wa kutoka kusini, pwani nzima, na ukitoka Kivinje kwenda Mafia kusi inakusukuma mgongoni, ungepandisha tanga ukalala. Hakuna mvuvi anayekosea hilo hata akiwa amelewa. Picha hakuna, jina la chombo hakuna, bei ya resini ndiyo swali la kwanza. Huyu ni dalali wa faiba anatafuta wateja.

JodariWaFerry
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Na mi nilimshauri bajaji bure.

KarabaiMbili
Duh. Na mimi nimemsimulia mpaka betri zangu.

MwanaKivinje
Si dalali. Mimi siko Kilwa, niko Dodoma, ni mwajiriwa. Chombo alikiacha mjomba alipofariki, familia ikasema nikisimamie mimi kwa sababu nina mshahara. Baharini nimeingia utotoni tu. Hiyo habari ya kaskazi niliambiwa na nahodha kwenye simu nikaamini. Kila kitu naambiwa kwenye simu.

SinaHaraka
Sasa hapo imekaa sawa. Ila nahodha hawezi kukosea upepo, kwa hiyo alikuwa anakuambia maneno ya mtu asiyejua.

BiMkubwaVyombo
Mwanangu nakuuliza mawili tu. Nani alikutafutia hiyo 40? Na huyo fundi wa faiba nani kakuletea?

MwanaKivinje
Wote nahodha. Lakini bi mkubwa ni mtu wa mjomba miaka mingi, sitaki kumvunjia heshima. Na injini siiuzi, nimetoka nayo mbali.

FundiMataruma
Usiiuze, itunze utapata chombo cha saizi yake. Kwa sasa subiri bamvua (maji makubwa), kipandishwe maji yakijaa, kiwekwe kwenye magadi, yale magogo ya kukiegemeza. Mng'oe mbao mbili za chini upande wa kushoto, mtazame mataruma (mbavu za chombo) ya nyuma na misumari, yote iliyoliwa na kutu itolewe. Upigwe ubao mpya wa shetri kwa mbao nzito iliyokauka, ufungwe na kiwiko cha mbao kutoka kwenye mkuku, kwa bolti si misumari. Ndiyo ukalafati. Laki saba mwambie huyo fundi aigeuze mbao na bolti, akikataa ujue resini haikununuliwa. Kisha rudisha ile 15, badilisha plagi na impela ya pampu ya maji, ona kama inatema maji vizuri, oshea kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila ikitoka baharini. Inatosha kabisa.

MwanaKivinje
Ile 15 haipo. Nahodha alisema imekufa kabisa akaiuza kwa wa chuma chakavu, akanitumia elfu themanini.

BiMkubwaVyombo
Themanini. Kichwa chake tu, hata kikiwa kimekufa, mafundi wanakigombania kwa spea. Omba ruhusa kazini ushuke Kilwa, na usimpigie simu kumwambia unakuja.