"SEKTA YA AFYA AU YA KILIMO?" Wakuu, huyu mtu leo kanimaliza

Kijana wa Tabata:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mnisamehe makosa. Ni yule mtaalamu wetu wa seva. Sina haja ya kumtaja, mnamjua, huyo anayetembea na funguo kiunoni kama bwana jela.

Wiki iliyopita kaingia kwenye Linux ya seva, kaandika `blockdev --setra 65536`, ile amri ya kupanga diski isomewe mbele kiasi gani kabla hata hujaomba. Kichwani mwake kaweka kilobaiti 64. Kumbe ile amri inahesabu kwa sekta, na sekta moja ni baiti 512. Pigeni hesabu: megabaiti 32! Wakati mwanzo ilikuwa 256, yaani kilobaiti 128, na tulikuwa tunaishi kwa amani.

Programu yetu inasoma faili kwa mmap, yaani faili linaunganishwa na kumbukumbu, kipande kinaletwa kikiguswa, tena inasoma kwa kurukaruka. Sasa ukiomba ukurasa mmoja wa kilobaiti 4, keneli, ule moyo wa Linux, inakuletea na ukoo mzima, wa mbele na wa nyuma, wanajazana kwenye RAM, wenye kazi zao wanafukuzwa. Ripoti ya dakika moja unaiwasha, unaenda Posta kwa daladala, unarudi na foleni yote ya Mandela, bado inazunguka.

Jana usiku umeme ukakatika, UPS ikazimia, seva ikawaka upya. Ile setra haidumu, seva ikiwaka upya inarudi kilobaiti 128 yenyewe. Asubuhi mfumo mwepesi kama swala. Kikaoni nani kapigiwa makofi? Yeye! Eti "nimekesha nayo". Amekesha nayo wapi, wakati alikuwa kibanda umiza anaangalia mpira?

Nikasema kwa adabu zote: "Kaka, tatizo ilikuwa ile namba, ni ya sekta." Akanitazama. Akamgeukia bosi. Akasema: "Sekta gani dogo, ya afya au ya kilimo?"

Ofisi nzima chini. Dada wa chai, ambaye sijawahi kumwona anacheka tangu niajiriwe, kaweka birika chini ili acheke vizuri. YA AFYA AU YA KILIMO. Mimi!

Kashata Tamu:
Pole mkuu, ila hiyo ya kilimo jamaa kakuweza 😂😂

Babu wa Keneli:
Dogo, na wewe umo. Unajua programu inarukaruka, kwa nini hukuweka madvise na MADV_RANDOM, ile ya kuiambia keneli kwamba unasoma kwa kurukaruka, humo humo kwenye kodi ya programu yako? Hapo hata angeandika namba ya simu yake, keneli isingekusomea mbele. Umeacha mlango wazi unamlaumu mbuzi.

Kijana wa Tabata:
Shikamoo babu. Hoja siyo hiyo. Hoja ni YA AFYA AU YA KILIMO mbele ya dada wa chai.

Mchovu Mbagala:
Bora wako. Wetu aliweka 0 kabisa, eti "tusome kinachohitajika tu". Mafaili makubwa ya video kuyasoma ikawa kuchota kisima kwa kijiko.

Binti Ubungo:
Mnaongelea kusoma mbele, hamjamjua mama ntilie wangu wa Mwenge. Nimekula maharage siku mbili mfululizo, leo nafika nakuta kashapakua maharage, yamepoa, na hela anataka. Mimi nilikuwa na hamu ya samaki!

Kashata Tamu:
Ulikula au uliacha?

Binti Ubungo:
Nimekula kwa hasira.

Mchovu Mbagala:
Samaki nendeni Feri, acheni uvivu.

Babu wa Keneli:
Feri jua lote hili? Kuna mama yuko nyuma ya kituo pale Mwenge, changu wake wa kukaanga na ugali, usiulize.

Kijana wa Tabata:
Jamani uzi wangu.

Binti Ubungo:
Babu, nyuma upande wa vinyago au wa daladala?

Babu wa Keneli:
Wa vinyago. Saa nane tu kashaisha.

Kijana wa Tabata:
Saa nane kamili au na nusu? Mimi natoka saa nane kasorobo.