Naombeni ushauri: mara ya kwanza kupanda meli ya kitalii, nichague kabini ipi na dawa gani ya kulewa bahari?

Tulia_Tuli (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tumelipia safari ya meli ya kitalii, usiku 10, Bahari ya Mediterania, kuanzia Barcelona na kurudi hapohapo. Hatujawahi kupanda meli kubwa. Pesa imeshalipwa yote.

Tuliyopewa ni kabini ya ndani isiyo na dirisha, sitaha ya 5, katikati ya meli. Sasa wametuletea ofa ya kuhamia yenye roshani, sitaha ya 14, karibu kabisa na omo (mbele ya meli), bila nyongeza. Moyo unataka ile ya juu. Shida ni kwamba mimi hata gari likikata kona nyingi roho inachafuka, na miezi hii imezidi. Nihame au nibaki? Na ni dawa gani ya kulewa bahari isiyo kali, ya asili ikiwezekana? Ofa inaisha Ijumaa na usingizi sipati.

OmoNaTezi
Baki sitaha ya 5, usijiulize mara mbili.

Meli ikiwa kwenye mawimbi ina miendo miwili inayolewesha watu. Kwanza, kwenda mrama, yaani kulala ubavu huu kisha ubavu ule. Pili, omo kupanda na kuzama huku tezi, yaani nyuma ya meli, ikifanya kinyume chake. Ni kama ubao wa pembea: aliyekaa ncha anarushwa, aliyekaa katikati hasogei sana. Na kadiri unavyopanda sitaha ndivyo mrama unavyokupeleka mbali zaidi kila upande. Omo sitaha ya 14 inakupa yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana kabini hizo hubaki tupu na kugawiwa kama ofa.

Utaambiwa meli za siku hizi zina mapezi ya kutuliza. Yapo, hutokeza ubavuni chini ya maji, na yanasaidia kweli. Ila yanapunguza mrama tu. Omo ikipanda na kushuka hayafanyi kitu, na yanahitaji meli iwe kwenye mwendo ili maji yapite juu yake.

Safari ni mwezi gani? Kati ya Barcelona na Marseille kuna ghuba ya Golfe du Lion, na upepo wa mistral unaoshuka bonde la Rhône unavuma kwa nguvu majira ya baridi hadi machipuko. Hapo ndipo utajua tofauti ya sitaha ya 5 na ya 14.

Sabuni_Kwanza
Watu wanahangaika na mawimbi wakati kinacholaza abiria kitandani ni norovirusi. Dada, sikiliza hili. Zile chupa za jeli ya kilevi mlangoni mwa ukumbi wa chakula haziitoshi norovirusi. Maji ya bomba na sabuni, sugua sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Osha *baada* ya kujipakulia pia, kwa sababu mpini wa kijiko cha kupakulia umeshikwa na mamia ya watu kabla yako. Vivyo hivyo vyuma vya ngazi na vitufe vya lifti.

Dalili hutokea saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa: kutapika ghafla na kuhara. Ukiugua, toa taarifa zahanati ya meli mara moja. Watakufungia kabini, kwa kawaida mpaka zipite saa 24 hadi 48 tangu dalili ziishe. Anayeficha ili asikose matembezi ya bandarini ndiye anayeangusha sitaha nzima.

Kirago
Ongeza haya. Sanduku kubwa utalikabidhi gatini na linaweza kufika kabini jioni, hivyo pasi ya kusafiria, dawa na nguo moja ya kubadilisha viwe begi la mkono. Pasi ya kunyooshea nguo na birika la umeme vitazuiwa kwenye ukaguzi. Simu iweke hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga, la sivyo itajiunga yenyewe na mtandao wa setilaiti wa meli na bili itakushtua. Usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango, kwa hiyo bakiza viatu na nguo za asubuhi.

Na kagua visa. Ratiba ikiwa na bandari iliyo nje ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), Tunisia kwa mfano, visa ya kuingia mara moja haitakurudisha ndani.

Dawa_Kwa_Kipimo
Nijibu swali la dawa lenyewe. Kuna plasta ya skopolamini, hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa 4 kabla ya safari na hufanya kazi siku 3. Ukiishika, nawa kabla hujagusa jicho, maana mboni hutanuka na kuona kunavurugika. Kuna meklizini, miligramu 25 hadi 50, saa moja kabla, inaleta usingizi. Zote ni kinga: ukisubiri mpaka uanze kutapika, kidonge hakikai tumboni.

Lakini mleta mada, umesema "isiyo kali", ukasema "ya asili", tena ukasema kichefuchefu kimezidi miezi hii. Una presha ya macho? Unanyonyesha? Una ujauzito? Jibu kwanza.

Tulia_Tuli
Asanteni wote. Sina ugonjwa wowote, nashukuru Mungu. Ni vile tu sipendi dawa za hospitali. Kwa hiyo tangawizi inafaa? OmoNaTezi, tunapanda tarehe 3 Machi.

Dawa_Kwa_Kipimo
Sikuuliza kuhusu ugonjwa. Niliuliza mambo matatu, hukujibu hata moja.

Tulia_Tuli
Haya. Ni mjamzito. Sikusema kwa sababu nilijua mtaacha swali langu na kuniambia nisiende.

Tulikata tiketi kabla hatujajua. Programu ya kwenye simu inasema siku ya kupanda nitakuwa na wiki 20 na siku 5. Kliniki wameandika matarajio ya kujifungua ni tarehe 2 Julai. Mimba haina shida yoyote. Kwenye fomu ya afya ya kujaza mtandaoni kuna swali la ujauzito na tumeamua kujaza "hapana", maana tumbo langu ni dogo na sitaki kusumbuliwa gatini. Ndege inaruhusu mpaka wiki ya 36, sasa meli iliyo na zahanati na daktari ina tatizo gani? Naombeni tu mnijibu la kabini na la tangawizi.

Mzee_wa_Gati
Binti yangu, fomu ile si ya kumfurahisha karani. Daktari wa meli akikukuta umeanguka usiku, karatasi hiyo ndiyo inayomwambia ni dawa gani asikupe. Uongo wa neno moja unaweza kumdhuru asiye na sauti. Mumeo naye akae alifikirie hili.

OmoNaTezi
Hoja ya ndege naomba niivunje kwa heshima. Ndege ikipata mgonjwa inatua uwanja wa karibu ndani ya saa chache. Meli ikiwa kati ya bandari mbili inaweza kuhitaji usiku mzima kufika, na helikopta ina kikomo cha mafuta na haiji kwenye upepo wowote ule. Zahanati ya meli ipo kwa ajili ya kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe nchi kavu: dripu, picha za eksirei, oksijeni, mashine ya moyo. Haina wodi ya uzazi wala chumba cha watoto njiti, na meli nyingi hazina benki ya damu. Mama akitoka damu kwa wingi, ukosefu huo ndio unaoua.

Ndiyo maana kampuni nyingi kubwa hazimpokei mama atakayeingia wiki ya 24 *wakati wowote wa safari*. Hawaangalii siku ya kupanda peke yake. Kuanzia hapo mtoto akizaliwa anaweza kuokolewa, ila kwa vifaa ambavyo meli haina.

Tulia_Tuli
Basi mimi nimo ndani ya sheria. 20 na siku 5, jumlisha siku 10, nashuka na wiki 22 na siku 1. Kwa hiyo hata nikijaza "ndiyo" wananipokea. Tatizo liko wapi?

Hesabu_Haidanganyi
Jamani, hii ni chai. Kuanzia 3 Machi mpaka 2 Julai ni siku 121, yaani wiki 17 na siku 2. Jumlisha na zake 20 na siku 5, unapata wiki 38 kamili. Mimba huhesabiwa wiki 40, na mwenye kadi ya kliniki hawezi kukosea wiki mbili nzima. Ama tarehe ya matarajio imetungwa, ama mimba, ama safari yenyewe. Na tangu lini kabini ya roshani ikatolewa bure?

Kirago
Mimi nilishangaa pale alipoleta ujauzito baada ya kubanwa. Hadithi inayoongezeka kipande kila ikihojiwa huwa hivyo.

Msomaji_Tu
Mods fungeni uzi, tumechoka kushauri hewa.

OmoNaTezi
La kabini ya bure si ushahidi. Kampuni huhamisha abiria ili kufungua zile za bei ndogo ziuzwe tena.

Mkunga_Zamu
Ngojeni kidogo. Hesabu_Haidanganyi amehesabu sawasawa, lakini jibu alilopata linamtetea dada huyu. Wiki 38 ndio urefu wa mimba ukihesabu tangu siku ya *kutungwa*. Wiki 40 ni ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hiyo ndiyo hesabu ya kliniki na ya kampuni za meli. Pengo la wiki mbili kamili, siku kwa siku, haliji kwa bahati kwenye hadithi ya kutunga. Programu za simu hukuuliza mwanzoni kama unaweka tarehe ya hedhi au ya kutungwa, na baadhi huonyesha umri tangu kutungwa.

Tulia_Tuli, chukua kadi yako. Tazama tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa, kisha tazama programu uliweka tarehe gani. Kama matarajio ni 2 Julai kweli, hesabu ni hii: siku 280 kutoa 121 ni 159. Siku ya kupanda una wiki 22 na siku 5. Tarehe 12 Machi unatimiza wiki 24 ukiwa bado baharini. Tena neno "kuingia wiki ya 24" wengine hulisoma kuwa ni baada ya kutimiza 23, na hiyo kwako ni tarehe 5, siku mbili tu tangu muondoke. Kwa usomaji wowote, haupiti.

Tulia_Tuli
Nimetoka kuangalia. Kwenye programu niliweka siku ya kutungwa kwa sababu naijua. Kadi ina tarehe ya nyuma zaidi, kama ulivyosema. Mikono inatetemeka.

Lakini jamani, pesa yote ile. Si barua ya daktari inaweza kuandikwa wiki 20?

Mkunga_Zamu
Hapana. Barua inayotakiwa inataja wiki, tarehe ya matarajio, na kwamba mama na mtoto wana afya ya kusafiri. Tarehe ya matarajio ikiandikwa, karani wa gatini anafanya hesabu ileile iliyofanyika hapa. Na Machi tumbo halitakuwa hili la sasa. Mama akionekana ni mjamzito huulizwa barua palepale; asipokuwa nayo anaachwa gatini na sanduku lake, na hapo hakuna cha kurudishiwa. Bima nayo: ukitoa taarifa ya uongo kwenye fomu, dai la kubebwa kwa helikopta linaweza kukataliwa lote.

Skopolamini na meklizini usiguse bila daktari wako kujua. Tangawizi kwa kiasi cha chakula haina neno, pia bangili za kubana mkono, kitufe kikikaa vidole vitatu chini ya kiganja, katikati ya kano mbili.

Dawa_Kwa_Kipimo
Kuhusu pesa, fanya leo, usingoje Ijumaa. Adhabu ya kuahirisha hupanda kwa ngazi kadiri siku ya safari inavyokaribia, mpaka inafika asilimia 100. Fungua masharti uone ngazi inayofuata inaanza tarehe gani. Kisha andika barua pepe, usipige simu tu, ueleze kwamba mimba ilijulikana *baada* ya kukata tiketi, na uambatanishe barua ya kliniki yenye tarehe. Omba mambo kwa mpangilio huu: kurudishiwa, wakikataa, thamani ihamishiwe safari nyingine, wakikataa tena, mumeo abaki na nafasi na jina lako libadilishwe. Kubadili jina la abiria mmoja mara nyingi huwezekana mpaka karibu na safari. Ofa ya kuhama kabini usiikubali kabla ya jibu, maana inaweza kuja na masharti mapya.

Bima ya safari kama mlikata, soma kipengele cha ujauzito. Nyingi hulipa mimba iliyogunduliwa baada ya kununua bima endapo daktari ameandika usisafiri.

Hesabu_Haidanganyi
Mleta mada, nakuomba radhi. Niliona namba hazilingani nikadhani ni mtunzi.

Tulia_Tuli
Hesabu zako ndizo zimeniokoa, usijali. Nimeshatuma barua pepe na nakala ya kadi. Mume wangu amekasirika kidogo, ila amesoma uzi wote. Wakikubali kuhamisha, anasema twende Septemba na mtoto. Hapo itakuwaje?

OmoNaTezi
Septemba mtoto atakuwa na miezi miwili, hawatampokea. Kampuni nyingi zinataka awe ametimiza miezi 6 siku ya kupanda, na miezi 12 kama ratiba ina siku tatu au zaidi mfululizo baharini bila bandari. Kwa matarajio ya 2 Julai, tafuteni tarehe baada ya 2 Januari, na wiki chache za ziada endapo atachelewa kuzaliwa. Januari Mediterania ina mawimbi, ngojeni Mei. Omba kitanda cha mtoto wakati wa kukata tiketi, havitoshi kwa wote. Na kabini iwe ileile: katikati, sitaha ya chini.