Naomba ushauri: kadi za mlango zinatoa duara lililopauka kwenye picha

Habari zenu wakuu. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, nachapa vitambulisho vya plastiki. Kadi za kawaida zinatoka safi kabisa. Sasa kuna chuo kimeniletea kadi za kufungulia milango, zile nyeupe zenye chipu ndani, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio ya kHz 125, niwawekee picha na majina. Palipo na chipu panabaki duara lililopauka, na linaangukia usoni mwa mwanafunzi.

Printa yangu inachapa moja kwa moja juu ya kadi. Nimesafisha rola na kichwa cha kuchapia, nimefuta kadi kwa spiriti (vumbi la kiangazi huku ni jingi), nimebadilisha joto pia. Wapi! Nahisi uso wa kadi hauko sawa pale penye chipu, kichwa hakigusi vizuri.

Je, kusogeza picha mbali na chipu kunatosha, au kadi hizi zinataka printa inayochapa kwanza kwenye filamu kisha kuigandisha kwenye kadi? Pia chuo kinataka kadi hiyohiyo itumike maktaba baadaye: niwashauri wahamie kadi za mawimbi ya MHz 13.56, au wachukue zenye chipu zote mbili? Sitaki kuwapa wanafunzi kitambulisho kisichoonyesha sura. Kazi nimeisimamisha kwanza, nawasubiri.