Hiki kisanduku cha "makala kamili" kwenye databesi za maktaba ni cha kutuzuga au?

Wakuu nina hasira hata sijui nianzie wapi. Jana usiku masaa manne natafuta makala moja, MOJA tu, supavaiza kashasema bila hiyo sura ya pili ya tasnifu yangu haisogei. Naingia databesi ya maktaba, nalogini, natiki kale kasanduku ka "makala kamili" (eti kanakuonyesha zile unazoweza kusoma zote tu) kama tulivyofundishwa kwenye semina, makala haipo. Natoa tiki, hiyo hapo, ya nne kutoka juu! Ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) tamu balaa, PDF hakuna, kuna kitufe tu cha "tafuta makala". Nabonyeza, linafunguka dirisha jingine la tovuti ya jarida, wanataka ninunue. Narudi nabonyeza tena, nilogini upya, nalogini, napelekwa ukurasa wa mwanzo wa maktaba kana kwamba sijawahi kutafuta kitu. Nazungushwa kama pia!

Saa saba usiku ndo nasoma yale maandishi ya sisimizi pale chini, kumbe mchapishaji kaweka zuio la miezi 12, matoleo mapya databesi hiyo inakupa ikisiri tu mpaka mwaka upite. Haya, biashara yao, ila si mngeandika juu mtu akaona??

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kumbe hicho kisanduku kinaangalia makala zilizomo kwenye databesi hiyo hiyo tu, kwa hiyo kama maktaba imelipia jarida lako kupitia databesi nyingine, ukitiki unajifichia mwenyewe kitu ambacho ni haki yako. Semina nzima ilikuwa tiki, tiki, tiki, hili hakuna aliyelitaja. Sijui wangapi wameshaandika "hakuna utafiti uliofanyika kuhusu mada hii" kisa tiki (na mimi nimo, sura ya kwanza, aibu).

Mwisho nikakopi kichwa cha makala nikakipachika Google Scholar (ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma), nikabonyeza matoleo yote, mwandishi mwenyewe kaweka mswada wake kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chake, bure kabisa. Dakika mbili!!

Asubuhi nikawaandikia maktaba, nimeeleza kila hatua na picha za skrini nimeambatanisha. Jibu limekuja sasa hivi, mstari mmoja: "Je, ulitiki kisanduku cha makala kamili?"