Kikapu cha chakula pale supamaketi mmekigeuza jalala, na wenye maduka mnachekelea

Kamwene wa Iringa, ugonile wa Mbeya, na ninyi wa Njombe na Makambako mnaotetemeka huko. Uzi ni mrefu na una hasira. Asiyetaka kusoma apite kimya kimya.

Nazungumzia yale maboksi na vikapu vya "changia chakula" vinavyowekwa karibu na kaunta kwa ajili ya vituo vya watoto na wazee. Wazo lenyewe halina tatizo, wala si geni: benki ya chakula ya kwanza ilianzia Phoenix, Marekani, mwaka 1967, chini ya John van Hengel, na Uingereza leo kikapu cha namna hiyo utakikuta karibu kila supamaketi kubwa. Kinachoniudhi ni tunachotumbukiza humo, tunatumbukiza lini, na tunakuwa tunafikiria nini. Kikapu kinapangwa kwa ajili ya roho ya anayetoa na picha ya mwenye duka. Sufuria ya anayepika haimo kwenye mpango.

Fungua boksi lolote lililokaa wiki moja. Biskuti. Juisi. Pipi. Tambi. Mafuta ya kupima kwenye chupa ya maji ya kunywa, hayana jina wala tarehe. Kopo la nyanya lililobonyea mpaka kwenye mshono. Halafu sabuni ya unga imepasuka juu ya sembe. Maharage hakuna. Dagaa hakuna. Karanga hakuna.

Hiyo ya sabuni naikazia, maana watu hawaelewi. Unga, mchele na majani ya chai vinanyonya harufu haraka sana. Si lazima hata pakiti ipasuke. Sabuni ya kufulia yenye manukato ikilala siku mbili tatu kwenye boksi moja na sembe ya mfuko wa karatasi, ugali utanuka sabuni na watoto watausukuma pembeni. Ikipasuka ndiyo kabisa, hakuna cha kuchekecha wala kuokoa, mfuko mzima unatupwa. Sabuni inahitajika, tena sana, ila iwe na boksi lake. Duka linaloshindwa kuweka maboksi mawili lisiweke hata moja.

Sasa hesabu. Kituo cha watoto 40, mlo mmoja wa ugali na maharage: unga kama gramu 200 kwa mtoto, maharage makavu gramu 60. Hapo ni kilo 8 za unga na kilo 2.4 za maharage, mlo mmoja tu. Kwa wiki, ukipika ugali mara moja kwa siku, ni kilo 56 za unga na karibu kilo 17 za maharage. Bado mafuta, chumvi, na mkaa, ambao hakuna mtu anayeukumbuka. Maharage makavu huku juu hayaivi kama Dar. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo bila kuyaloweka usiku kucha unakesha unachochea moto. Niambieni, pakiti 30 za biskuti zinapika nini hapo? Zinaliwa robo saa, watoto wanapigwa picha, jioni mama wa jikoni anahangaika na sufuria ileile.

Na msiniambie "mimi natoa nilichonacho". Hutoi ulichonacho. Unatoa kinachonunulika kwa chenji iliyobaki pale kaunta.

Kuna kauli nyingine inayonikera kuliko zote: "Mbeya hakuna njaa bwana, mahindi yamejaa, viazi vinaoza Uyole, ndizi Tukuyu, mchele Kyela na Mbarali, nani wa kulishwa?" Someni utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano: taifa asilimia 30, Iringa 57, Njombe 50, Rukwa 50. Mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa! Tumbo linajaa ugali na viazi, lakini protini, mafuta na madini havifiki. Maharage, maziwa na mayai vinapakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa. Hivyo ukija na kilo mbili za viazi unajisikia umesaidia, wakati kilichokosekana ni nusu kilo ya dagaa. Na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Makambako si jiko la kituo, ni akiba ya nchi. Acheni kuchanganya mambo.

Kama kweli unataka kutumia supamaketi vizuri, nunua kile ambacho mashine ya kusaga ya mtaani haina: unga wa kiwandani wenye nembo ya virutubishi. Huo umeongezwa madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, na mafuta ya kula yenye nembo hiyo yana vitamini A. Ya kupima hujui yametoka wapi, na kituo makini hakiyapokei. Chagua lita moja iliyofungwa, lakiri haijaguswa, na kama imekaa pale mbele dirishani inapigwa jua, iache, chukua ya ndani. Mwanga unaua hiyo vitamini na kuyachachisha mafuta.

Majira nayo. Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mahindi mapya yanaanza kuonekana Mei, Juni. Kwa hiyo Januari hadi Machi ghala la nyumbani limeisha, bei iko juu, na shule zimefunguliwa. Ndiyo miezi vituo vinapoumia. Sasa tazama kikapu: Desemba kimefurika mpaka vitu vinawekwa sakafuni, Januari 2 bango limeshatolewa na boksi limerudi stoo kubebea vifuniko vya ndoo. Juni, mahindi yamejaa kila kona, mtu analeta sembe! Juni leta mafuta, dagaa, sukari, sabuni. Sembe leta Februari.

Wenye maduka sasa, msijifiche nyuma ya wateja.

Moja, kuna tabia ya kuondoa bidhaa kwenye shelfu siku tatu nne kabla ya tarehe na kuzimwaga kwenye kikapu cha wateja. Kuteketeza bidhaa iliyoisha muda ni gharama ya mwenye mali, hilo tunalijua, na ndiyo sababu "msaada" wenu unakuja kwa wingi hivyo. Duka likitaka kutoa vya kwake, vyema kabisa, viwe kwenye boksi tofauti, na orodha, na vibaki angalau na wiki kadhaa. Mtindi wa kesho mkabidhi leo mkononi kwa kituo, usiuweke kwenye boksi linalochukuliwa Ijumaa. Msiniletee habari za Ufaransa. Sheria yao ya 2016 inazuia supamaketi ya zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Kinachofaa kuliwa, nimesema.

Pili, mahali pa kikapu. Kikikaa kabla ya kaunta, watu wanatupia vitu ambavyo havijalipiwa, stoo ikihesabiwa inapungua, keshia anakatwa. Kikikaa mlangoni baada ya mlinzi anayekagua risiti, mteja ameshafunga mizigo yake na anawahi daladala. Kikikaa kati ya keshia na mlinzi, vitu mkononi havilingani na risiti, mabishano yanaanza. Dawa ni rahisi: keshia akate risiti ya pili ya vile vya mchango peke yake, ibanwe kwenye bidhaa, mteja atumbukize, mlinzi hana neno. Sekunde ishirini.

Tatu, bei. Mteja ananunua kwenu kwa rejareja, mnapata faida, halafu mnapiga picha na fulana zenu kama vile mmetoa ninyi. Hii ndiyo inayowafanya watu waseme "supamaketi inajitangaza kwa jasho letu", na hawajakosea sana. Tesco kule Uingereza huongezea fedha juu ya thamani ya kilichokusanywa na wateja. Ninyi wekeni angalau bei ya katoni kwa kinachoingia kwenye kikapu.

#2
Mkuu umeongea, ila umekwepa kitu. Anayenunua maharage Mbeya anayanunua supamaketi? Watu wanapima kwenye masoko ya Mwanjelwa au SIDO, kwa kilo au kwa sado. Supamaketi tunafuata dawa ya meno, biskuti za mtoto na tambi. Basi kikapu kitajaa biskuti, unategemea nini? Boksi lihamie sokoni, kwa wauza nafaka wenyewe. Pia watu hawaamini. Wanasema vinaliwa na wasimamizi, na mara nyingine vinaliwa kweli.

#3
Sokoni sawa, lakini nafaka ya kupima ina kazi yake, msije mkarundika magunia na kulia baada ya mwezi.

Kwanza ukavu. Mahindi yawe asilimia 13.5 ya unyevu au chini. Kama hakuna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo yake na chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funika, tikisa dakika mbili. Chumvi iking'ang'ania kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yaanikwe juu ya turubai, si ardhini. Mabichi yakifungwa yanaota ukungu, na humo ndimo sumukuvu inamotoka. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, kwa hiyo hii si ya kupuuzia. Punje zilizovunjika, zenye rangi ya kijani au kijivu, zichambuliwe zitupwe. Usiwape kuku. Kupika hakuiondoi.

Pili uhifadhi. Mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS, funga kila tabaka peke yake kwa kusokota na kukunja, toa hewa yote. Hapo fukusi na Skania (dumuzi) wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Mfuko ukitobolewa na panya kazi imekwisha, kwa hiyo uwe juu ya chaga, usiguse ukuta. Na ukifungua kila siku kuchota debe moja, umeua maana yake. Gawanya kwenye mifuko midogo.

Kuhusu dona na sembe: gunia la kilo 100 likikobolewa linakupa sembe kilo sabini na kitu, lililobaki ni pumba. Dona inabaki karibu yote na lishe yake ni bora, ila kiini kina mafuta, ikikaa muda mrefu inakuwa chungu. Kituo kipewe mahindi, kisage ya wiki mbili mbili. Anayeleta dona aandike tarehe ya kusagwa kwa kalamu juu ya mfuko.

#4
Naongeza moja, tafadhali msipite bila kusoma. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga MSITIE kwenye kikapu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1981 unabana kabisa ugawaji wa bure wa maziwa hayo, na Tanzania ina kanuni zake. Kopo moja linaisha kwa siku chache, mama maziwa yake yameshapungua, anaanza kuzimua na maji ambayo hayajachemka. Kituo kikiwa na mtoto asiye na mama, ni suala la mhudumu wa afya na afisa ustawi wa jamii, liwe la uhakika mwezi hadi mwezi.

#5 (mwenye uzi)
#2, la soko nakubali, na #3 ameshakujibu kwa nini haliwezi kuwa boksi tu la wazi. La kuliwa na wasimamizi halimalizwi kwa kununa wala kwa kuacha kutoa. Linamalizwa kwa mzani na daftari. Boksi lifunguliwe mbele ya watu wawili, mmoja wa duka, mmoja wa kituo. Kila kitu kipimwe, kiandikwe: tarehe, aina, kilo, tarehe ya kuisha muda, sahihi mbili. Nakala ibandikwe pale pale juu ya boksi wiki inayofuata. Asiyetaka kubandika, mnyime. Na kituo kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, orodha iko kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, unaenda unauliza, hutoi hata mia.

Aliyeniuliza inbox kama ni bora kutoa pesa: ndiyo, mara nyingi. Pesa inanunua gunia kwa bei ya jumla, inalipia mashine na mkaa. Ila itumwe kwa lipa namba ya kituo yenye jina la kituo. Namba ya mtu binafsi, hapana, hata kama ni mchungaji au shehe.

Na aliyeandika kwamba alikuta mafuta "yameharibika, yamekuwa meupe kama samli" akayatupa: hiyo ni baridi ya Juni na Julai tu, mafuta ya mawese yanaganda. Weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yanarudi. Yaliyoharibika utayajua kwa harufu, yananuka kama rangi ya mafuta.