Mume kagoma uji wa soya, eti unamgeuza

MamaPacha:
Wadau, hamjambo? Unga wa lishe naandaa mwenyewe. Soya nachemsha nusu saa, nafikicha maganda, naanika, nakaanga mpaka inukie, ndipo inaenda mashineni pamoja na mahindi na ulezi. Juzi baba watoto katoka kijiweni, kasukuma kikombe: "Hii ina homoni za kike." Wamemwambia ataota matiti! Anayejua anisaidie, hicho kitu kikishafika tumboni kinakwenda wapi?

Mpenda_Bure:
Kikombe chake nitumie mimi, dada.

Fundi_Maabara:
Dada, wanachokisema ni isoflavoni, kemikali za asili zilizomo kwenye soya, hasa jenisteini na daidzeini. Zina umbo linalokaribiana na estrojeni, homoni ya kike, maneno yote yanaanzia hapo. Sasa kwenye soya nyingi zimeshikana na sukari, na zikiwa hivyo ukuta wa utumbo hazipenyi vizuri. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba na bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoikata hiyo sukari. Zikifyonzwa tu, utumbo wenyewe na ini huzibandika asidi ya glukuroniki, zinayeyuka kwenye maji kirahisi, figo zinazitoa. Kiasi kilicho kwenye damu hupungua nusu kwa saa 7 hadi 9 hivi. Zilizoingia kwenye damu kutoka uji wa Jumatatu asubuhi, Jumatano karibu zote ameshazikojoa. Na hicho kidogo kinachobaki huru hushika vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo, kwa nguvu ndogo kuliko estrojeni yenyewe. Tafiti za wanaume zilipojumlishwa mwaka 2010, na tena 2021, testosteroni, homoni ya kiume, haikuonekana kushuka.

Mfugaji_Mstaafu:
Ila usisahau kondoo wa Australia Magharibi, miaka ya 1940. Walilishwa klova, aina ya majani ya malisho yenye vitu vya jamii hiyohiyo, wakaacha kushika mimba.

Fundi_Maabara:
Kweli mzee wangu, lakini kondoo anashinda malishoni kutwa, na tumbo lake hugeuza sehemu kubwa ya mzigo huo kuwa ekwoli, kitu chenye nguvu zaidi. Binadamu inategemea bakteria alionao: Wajapani kama nusu yao wanaitengeneza, Wazungu robo au theluthi. Chungu kimoja, matumbo mbalimbali. Hata antibayotiki zikiwapiga hao bakteria, hesabu inabadilika.

MamaPacha:
Asanteni. Nimemsomea yote. Ya mkojo kaelewa, kilichomtisha ni kondoo. Kanywa nusu kikombe, kaniuliza kama sisi nyumbani tunakula klova.